Sura ya Tano: Mwezi wa Kwanza Baada ya Arosto

Familia nyingi za mwambao zinaujua utaratibu huu bila kufundishwa na mtu. Kijana amekwisha kuuza simu yake, kisha ya dada yake, kisha mtungi wa gesi. Wajomba wanaitwa. Kikao kinakaa usiku baada ya sala ya isha, na asubuhi yake chumba cha uani kinatolewa vitu vyote, vinabaki godoro na ndoo. Kijana anaingizwa, mlango unatiwa kufuli kwa nje, na mama anafunga ufunguo kwenye pindo la kanga yake. Kuna nyumba ambako hutumika mnyororo. Wanaofanya hivi hawana ukatili. Wamekwisha kumsomea dua, wamekwisha kumpeleka kwa mganga, wamekwisha kulipa madeni yake mtaani mara mbili tatu, na sasa wamebakiwa na chumba hiki tu.

Kinachofuata kina saa zake. Heroini haikai mwilini muda mrefu. Saa sita hadi kumi na mbili tangu kete ya mwisho, kijana anaanza kupiga miayo mfululizo. Machozi na kamasi vinamchuruzika. Vinyweleo vinamsimama ingawa ni joto la Februari. Usiku wa kwanza miguu haitulii, anaipigapiga ukutani mpaka walio chumba cha pili wanakosa usingizi. Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya kupita zote: anatapika, anaharisha, tumbo linasokota, mifupa inauma ndani kwa ndani, anaomba afunguliwe, anatukana, anaapa kwa jina la bibi yake aliyekufa. Mateja wa Dar es Salaam na wa Mombasa wanaiita hali hii arosto. Ukikaa nao kijiweni na kuwasikiliza kwa utulivu, watakuambia kwamba kinachowaamsha alfajiri kutafuta hela ni woga wa arosto. Stimu yenyewe wengi wao waliacha kuipata miaka mingi nyuma.

Kufikia siku ya sita au ya saba mwili unatulia. Anaomba uji. Anaomba maji ya kuoga. Mama anafungua mlango, kuku anachinjwa, na majirani wanapita kutoa hongera.

Nimeiandika sura hii kwa ajili ya mama huyo. Hakuna aliyemwambia kwamba mwanawe, akiwa amenawiri hivyo mbele ya sahani ya wali, yuko karibu zaidi na kifo kuliko alivyokuwa siku aliyofungiwa.

*

Ubongo wa binadamu hutengeneza kemikali zake wenyewe za kutuliza maumivu, na chembe za neva zina mahali maalumu ambapo kemikali hizo hujishikiza. Mofini, inayotokana na utomvu wa mpopi, hujishikiza palepale. Heroini ni mofini iliyobadilishwa kidogo ili ipenye kwenye ubongo haraka zaidi. Mkemia Mwingereza C. R. Alder Wright aliitengeneza kwa mara ya kwanza London mwaka 1874, na kuanzia 1898 kampuni ya Bayer ya Ujerumani ikaiuza kama dawa ya kikohozi. Kikohozi kweli kilitulia. Kilitulia kwa sababu heroini hulegeza shina la ubongo, na shina hilohilo ndilo linaloendesha pumzi zetu tukiwa tumelala. Mtu anayekufa kwa kuzidisha dozi hafi kwa kupasuka moyo wala kwa sumu ya tumboni, kama wengi wanavyodhani. Anasahau kupumua.

Mwili unaopewa heroini kila siku hujirekebisha ili uendelee kuishi. Kiasi kilichomlewesha mtu mwezi wa kwanza hakimfanyi kitu mwezi wa sita, na kiasi anachovumilia mwezi wa sita kingemuua mwezi wa kwanza. Hali hiyo nitaiita ustahimilivu. Ustahimilivu huo haujengwi mara moja ukabaki milele. Kuli wa bandarini aliyezoea kubeba gunia la kilo mia, ukimlaza kitandani miezi mitatu kisha ukamrudishia gunia lilelile, litamvunja mgongo. Kwa heroini, siku chache tu zinatosha kuupunguza ustahimilivu, na wiki chache zinatosha kuufuta karibu wote. Hamu haiondoki kwa kasi hiyo. Kumbukumbu ya mkono haiondoki kabisa: kijana anajua alikuwa anatumia kete ngapi kwa mpigo, na akirudi atatumia idadi hiyohiyo.

Mwaka 2003 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti mdogo uliopaswa kusomwa katika kila kikao cha familia. Daktari John Strang na wenzake waliwafuatilia wagonjwa 137 waliolazwa ili kuondolewa heroini mwilini. Baadhi yao walitoroka mapema, wengine walimaliza nusu, na 37 walimaliza vizuri na kutoka wakiwa wameacha kabisa. Ndani ya miezi minne, watatu walikuwa wamekufa kwa kuzidisha dozi. Wote watatu walitoka katika lile kundi la 37. Katika wale walioshindwa tiba, ambao hospitali iliwahesabu kuwa hasara, hakuna hata mmoja aliyekufa kwa dozi katika kipindi hicho.

Magereza yana hesabu ya namna hiyohiyo. Katika jimbo la Washington nchini Marekani, watafiti walifuatilia zaidi ya watu 30,000 waliotoka kifungoni, na matokeo yakachapishwa 2007. Katika wiki mbili za kwanza za uhuru, uwezekano wao wa kufa kwa kuzidisha dozi ulikuwa mara 129 ya ule wa wakazi wengine wa jimbo hilo. Wiki mbili! Ni muda ambao huku kwetu jamaa bado wanapishana mlangoni kuja kumwona ndugu yao aliyetoka Keko au Shimo la Tewa.

Ndiyo maana nasema kwamba tumekosea mahali pa kuuweka woga wetu. Tumeiogopa wiki ya arosto, ambayo kwa mtu mzima mwenye afya ya wastani, anayepewa maji ya kutosha, ni mateso makubwa lakini ni nadra kumuua. Mwezi unaofuata, ambao ndio unaoua, tumeufanya sikukuu.

*

Kifo hicho nacho kina sura yake, na anayeijua anaweza kukizuia. Kijana ametoka kidogo jioni. Anakutwa uchochoroni, au chooni mlango umefungwa kwa ndani, au kwenye godoro analolalia, na kinachowadanganya watu ni mkoromo. Anakoroma kwa sauti nzito yenye maji ndani yake, na ndugu wanasema mwacheni apumzike. Ule si usingizi. Midomo na kucha zinageuka rangi ya zambarau au kijivu. Mboni za macho zimekuwa ndogo, nukta tupu. Ukimwita hajibu, ukimfinya hashtuki, na ukihesabu pumzi zake utakuta ni chache mno kwa dakika.

Maskani wana dawa zao: kumwagia maji ya baridi, kumnywesha maziwa, kumpiga makofi, kumdunga maji ya chumvi. Hakuna hata moja inayorudisha pumzi, na maziwa kwa mtu asiye na fahamu yanaweza kwenda mapafuni. Kinachookoa ni hewa. Mlaze chali, inua kidevu, ziba pua yake na umpulizie mdomoni pumzi moja kila baada ya sekunde tano huku mwenzako akitafuta bajaji ya kumkimbiza hospitali. Akiwa anapumua mwenyewe, mlaze ubavu ili matapishi yasimpalie. Iko pia dawa iitwayo naloksoni, inayochomwa kwenye msuli au kunyunyizwa puani. Huing'oa heroini mahali ilipojishikiza, na mtu aliyekuwa anakaribia kukata roho huketi ndani ya dakika chache akiwa na arosto kali na hasira. Nguvu yake huisha baada ya muda mfupi, wakati mwingine kabla ya heroini yenyewe kuisha, kwa hiyo hospitali ni lazima hata kama ameamka na anatembea. Tangu 2014 Shirika la Afya Duniani limependekeza naloksoni iwafikie watu wanaoweza kumkuta mtu katika hali hiyo: wenzake wa maskani, ndugu zake, polisi. Katika mitaa yetu mingi bado haijafika mikononi mwa hao.

Kitu kingine kinachoua ni miguu ya wenzake. Mtu akizimika geto, waliobaki wanakimbia, maana wanajua polisi wakija atakayekutwa na maiti ndiye atakayeulizwa. Siwezi kuwalaumu peke yao. Sheria inayomfanya shahidi akimbie nayo imechangia kifo hicho.

*

Mateja wazee, wachache waliobaki, wanasema unga, yaani heroini, uliletwa na mabaharia na wazamiaji katika miaka ya 1980. Wakati huo ulikuwa wa kahawia, ukichanganywa na bangi kwenye sigara au kuvutwa moshi wake kwenye karatasi ya fedha. Malindi na Watamu uliingia sambamba na utalii, na kufikia miaka ya 1990 hali ilikuwa imefikia hatua ya watu wa huko kuanzisha Omari Project, moja ya asasi za mwanzo katika pwani yote kuwahudumia watumiaji. Kisha, kuelekea mwaka 2000, ukaja unga mweupe unaoyeyuka kirahisi kwenye maji. Bomba la sindano likaingia nao.

Njia yake inajulikana. Kwa miongo mingi sehemu kubwa ya afyuni ya dunia ililimwa Afghanistan. Heroini hushuka hadi pwani ya Makran, kwenye mpaka wa Iran na Pakistan, na hapo hupakiwa kwenye majahazi yanayokuja kusini kwa njia zilezile za pepo za msimu ambazo babu zetu walizipokelea tende na mazulia. Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata jahazi nje ya pwani ya Kenya likiwa na kilo 1,032. Agosti mwaka huohuo serikali ya Kenya iliilipua baharini meli ya Al Noor iliyokutwa na shehena nyingine, Rais Uhuru Kenyatta akishuhudia. Ndugu wawili wa Mombasa, Baktash na Ibrahim Akasha, walipelekwa Marekani Januari 2017, wakakiri makosa, na wakahukumiwa miaka 25 na 23. Desemba 2023, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya Tanzania ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini Dar es Salaam na Iringa.

Sehemu kubwa ya mzigo huo hailengi midomo yetu. Hupita kwenda Afrika Kusini, Ulaya na kwingine. Lakini mzigo unaopita mahali huacha makombo, kwa kuwa wabebaji na walinzi mara nyingi hulipwa kwa unga wenyewe, nao wanahitaji wateja wa karibu. Makadirio yaliyofanywa katikati ya muongo uliopita yalitaja watu karibu 30,000 wanaojidunga Tanzania Bara na zaidi ya 18,000 Kenya. Hapo hawajahesabiwa wanaovuta, ambao ni wengi zaidi mara kadhaa. Duniani kote, kwa hesabu za Umoja wa Mataifa, watu milioni 292 walitumia dawa za kulevya za aina moja au nyingine mwaka 2022, bangi ikiongoza kwa mbali. Namba hizo kubwa hazinisaidii sana. Bangi ya milioni mia mbili na kete ya mtoto wa jirani yangu haziwezi kuwekwa kwenye sentensi moja.

Ukamataji ni kazi ya lazima na wanaoifanya huhatarisha maisha yao. Una upande mmoja usiozungumzwa kwenye mkutano wa waandishi wa habari. Desemba 2010 unga uliadimika ghafla pwani ya Kenya, na watu wengi wakaingia arosto kwa wakati mmoja. Hospitali zilifurika wagonjwa ambao hazikuwa na dawa ya kuwapa. Wengine waligeukia vidonge vya usingizi na pombe, na sindano zikapita mikono mingi zaidi kuliko kawaida. Kisha unga ukarudi, kama unavyorudi daima. Hesabu ile ya ustahimilivu haijali kama aliyekukatisha kete ni mama mwenye ufunguo au manowari. Mwaka 2022 utawala wa Taliban ulipiga marufuku kilimo cha mpopi, na mwaka uliofuata kilimo hicho kikashuka kwa asilimia 95 nchini humo. Uhaba wa namna hiyo ukifika kwenye kijiwe, unga hukorogwa na vitu vingine, nguvu yake hubadilika wiki hadi wiki, na mtumiaji hana tena njia ya kujua alichoshika mkononi. Siku kete yenye nguvu ikirudi, inamkuta amekwisha kulegea.

*

Kuna jambo moja katika historia ya heroini ambalo limenifanya nifikiri upya habari ya kuacha. Wakati wa vita vya Vietnam, karibu askari mmoja kati ya watano wa Kimarekani waliokuwa huko alijiona kuwa ameshikwa na heroini. Serikali yao iliingiwa na hofu, ikamwajiri mtafiti Lee Robins awafuatilie baada ya kurejea. Ilitarajiwa balaa. Badala yake, katika mwaka wao wa kwanza nyumbani, takriban asilimia tano tu ya waliokuwa wameshikwa walirudia utegemezi. Walikuwa wameondoka kwenye kambi, joto, woga na wenzao wa kuvuta nao, na bahari nzima ilikuwa kati yao na wauzaji wale.

Mwanasaikolojia Shepard Siegel alionyesha upande wa pili mwaka 1982, kwa panya. Waliozoeshwa heroini katika chumba kimoja walipewa dozi kubwa. Waliopewa mlemle walipozoea walikufa asilimia 32. Waliopewa dozi hiyohiyo katika chumba kigeni walikufa asilimia 64. Mwili hujiandaa kuipokea heroini kwa kuyatambua mazingira: harufu, mwanga, ukuta. Mazingira yaliyozoeleka huamsha maandalizi hayo, na huamsha pia hamu.

Sasa mfikirie kijana wetu. Anatoka chumba cha uani, au anatoka soba hausi, nyumba ya wanaoacha dawa, baada ya miezi minne, na anarudi wapi? Anarudi mtaa uleule. Kibaraza ni kilekile, pusha anapita na pikipiki ileile na kumsalimia kwa jina, na bado hana kazi. Kila kona inamwamshia hamu, wakati ustahimilivu wake umekwisha. Naye ana aibu ya kuonekana amerudi nyuma, kwa hiyo hatakwenda kuvuta maskani ambako wenzake wangemwona akizimika. Atajificha mahali pageni, peke yake.

Soba hausi zimefanya kazi kubwa Zanzibar, na baadaye Dar es Salaam, Tanga, Arusha na kwingineko. Nyingi zinaendeshwa na watu waliowahi kutumia, wanaolala chumba kimoja na wageni wao na wanaojua uongo wote kwa sababu waliwahi kuusema. Wengi wamepona humo na wanalea watoto wao leo. Ninachowaomba wenye nyumba hizo ni kwamba siku ya kuaga isiwe ya cheti na picha peke yake. Mwambieni mtu, na ndugu yake akiwa amekaa pembeni anasikia: ukianguka, usirudie kiasi ulichokuwa unatumia, usiwe peke yako, na urudi hapa bila aibu. Wapo wanaohofia kwamba kumwambia hivyo ni kumpa ruhusa. Mimi nahofia maiti zaidi.

*

Wanawake wanahitaji kitabu chao. Hapa nitasema machache tu, na ninajua hayatoshi. Mwaka 2005 watafiti waliokuwa wakifanya kazi Dar es Salaam waliripoti kwamba baadhi ya wanawake waliojidunga walikuwa wakipeana damu. Aliyepata kete alijidunga, akavuta damu yake kwenye bomba la sindano, akampa shoga yake asiye na hela ajidunge damu ile, kwa imani kwamba imebeba unga wa kutosha kumtuliza arosto. Lilikuwa tendo la kuhurumiana. Damu hiyo haikuwa na heroini ya maana, lakini virusi vilikuwemo. Katika utafiti uliofanyika Temeke na kuchapishwa 2013, theluthi moja ya waliojidunga walikuwa na VVU, na kwa wanawake peke yao ni theluthi mbili. Wanawake hao wanapigwa na wapenzi wao, wanakamatwa kwa kujiuza, na wakifika kliniki wanakuta foleni yote ya wanaume. Wengi hawarudi mara ya pili.

*

Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadoni, dawa ya kunywa inayoshika nafasi ya heroini. Kwa hospitali ya umma, katika nchi za Afrika bara kusini mwa Sahara, hilo lilikuwa jambo la mwanzo kabisa. Mwananyamala na Temeke zikafuata, kisha Zanzibar, na leo kliniki za namna hiyo ziko Mbeya, Mwanza, Dodoma, Tanga, Bagamoyo na kwingine, zikihudumia zaidi ya watu 10,000. Kenya ilianza Desemba 2014 katika hospitali ya Mathari, Nairobi, ikaendelea Malindi na Kisauni mwaka uliofuata.

Aliyewahi kusimama karibu na dirisha la kliniki hizo asubuhi ataikumbuka kasi yake. Mtu anafika, anataja namba yake, muuguzi anamtazama machoni na kumsemesha kidogo aone kama amelewa. Akiwa anasinzia, siku hiyo hapewi. Akiwa macho, mfamasia anapima maji ya dawa kwa mililita, anampa kikombe cha plastiki, naye anakunywa palepale, anaongeza maji, anakunywa tena, kisha anasema neno lolote ili ijulikane amemeza. "Asante, dada." "Haya kaka, kesho." Anaondoka kwenda kuosha magari au kupiga debe. Kesho anarudi, Jumapili anarudi, Idi na Krismasi anarudi.

Methadoni hujishikiza mahali palepale pa heroini. Kwa hiyo lawama inayosemwa na wazee wengi, kwamba serikali imewatoa watoto kwenye unga mmoja ikawaingiza kwenye mwingine, haikutoka hewani, na anayewajibu kwa kebehi hawatendei haki. Jibu liko kwenye saa. Heroini inapanda kwa kasi na kushuka kwa kasi, kwa hiyo mtumiaji anazunguka kati ya stimu na arosto mara tatu nne kwa siku, na katikati ya mizunguko hiyo ndimo wizi, sindano na kujiuza vinapokaa. Methadoni hupanda taratibu na kudumu zaidi ya saa ishirini na nne. Kwa dozi iliyopimwa vizuri hakuna kulewa na hakuna arosto. Na zaidi ya yote, kwa hoja ya sura hii, ustahimilivu haupotei. Mtu aliye kwenye methadoni akianguka na kutumia kete moja, mwili wake bado una kinga ambayo yule aliyetoka chumba cha uani hana. Tafiti kutoka nchi nyingi zinaonyesha kwamba wakati mtu yuko kwenye tiba hii, uwezekano wake wa kufa hupungua kwa nusu au zaidi. Vipindi vya hatari vilivyobaki ni viwili: wiki nne za mwanzo, wakati dozi inapandishwa pole pole, na wiki nne za mwanzo baada ya kuiacha.

Mama mmoja wa Tanga aliniuliza, "Sasa mwanangu ataenda pale mpaka lini?" Nilimpa jibu ambalo muuguzi alikuwa amempa kabla yangu: miaka, pengine mingi, na haraka ya kumtoa ni hatari kuliko kuchelewa. Hakulipenda. Alitaka mtoto aliyepona, awe kama zamani, asiyedaiwa kunywa kitu kila asubuhi. Lakini mwenye kisukari naye anachoma insulini kila siku, na hakuna shangazi anayemwitia kikao.

Tiba hiyo ina udhaifu wake, na mwingi uko nje ya kikombe. Baadhi ya wagonjwa wana kifua kikuu, na rifampisini, dawa kuu ya kifua kikuu, hulifanya ini liivunje methadoni haraka mno. Mgonjwa anaanza dawa za kifua, wiki mbili baadaye arosto inamrudia ingawa hajakosa hata siku moja, na daktari asiyejua atamdhania ameanza tena unga. Dozi inabidi ipandishwe, na matibabu ya kifua yakiisha inabidi ishushwe tena kwa uangalifu. Nauli nayo ni tatizo. Anayetoka Chanika au Mkuranga kila asubuhi hawezi kushika kibarua kinachoanza saa moja, na asiye na kibarua hana nauli. Kliniki zilizosogezwa wilayani zimepunguza tatizo hilo. Ruhusa ya kuchukua dozi za nyumbani, kwa wale waliotulia, inalipunguza zaidi.

Kisha kuna rumande. Mtu aliye kwenye tiba anakamatwa Ijumaa jioni kwenye msako wa wazururaji. Jumamosi hapati dozi, Jumapili hapati, Jumatatu kesi yake haiitwi. Kufikia Jumatano ana arosto sakafuni, ametengwa na wenzake kwa kuharisha, na akiachiwa wiki ya pili akarudi dirishani, kliniki haiwezi kumpa dozi yake ya zamani, maana mwili umekwisha kuisahau. Lazima aanzishwe chini kabisa, apandishwe taratibu kwa wiki kadhaa, na katika wiki hizo dawa haimtoshi na pusha yupo nje ya geti. Gereza la Segerea na lile la Shimo la Tewa yamepata huduma ya methadoni humohumo ndani. Vituo vya polisi, ambako watu hushikiliwa kwanza, havina. Askari wa zamu akimwuliza mahabusu swali moja usiku ule wa Ijumaa, kama yuko kwenye methadoni na kliniki gani, na akapiga simu asubuhi, mfamasia anaweza kuleta kikombe hadi kaunta.